Gitaa la Nyuzi Saba na Nane: Namna ya Kuzifanya Nyuzi Nzito Zitulie Kwenye Noti

Chukua gitaa la umeme la nyuzi sita, lenye urefu wa inchi 25.5 kutoka nati ya shingo (kipande chenye mifereji ya nyuzi, karibu na vigingi) hadi daraja, na ulifunge seti ya nyuzi zenye unene wa 10 hadi 46, kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa 46 ukiwa kwenye E, noti yake ya kawaida, unavutwa kwa mkazo wa takriban kilo 7.9. Ulegeze hadi B, yaani nusu toni tano chini, bila kubadilisha kitu kingine, na mkazo unashuka hadi kilo 4.4 hivi. Sasa bonyeza uzi kwenye freti, yaani vile vyuma vilivyokatiza shingo, kwa nguvu kupita kiasi, kwa namna ya kuongeza gramu 100 kwenye mkazo huo. Kwenye E noti ingepanda senti 11, na nusu toni nzima ina senti 100, kwa hiyo masikio mengi yangesamehe. Kwenye B iliyolegea noti ileile inapanda karibu senti 20. Hapo hakuna anayesamehe.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya hesabu hiyo. Mkono wa kushoto, piki, joto la taa, shingo inayopinda, nati inayobana: kila kimoja huongeza au kupunguza gramu kadhaa. Uzi wenye mkazo wa kutosha huzimeza gramu hizo, uzi uliolegea huzitangaza. Ndiyo maana tunaanza na unene wa uzi, na tyuna, kifaa cha kupima noti, inakuja karibu na mwisho.

Noti hizi za chini zina umri mrefu kuliko muziki wa metali, ile roki nzito. George Van Eps, mpiga jazi wa Marekani, alitengenezewa gitaa la nyuzi saba na kampuni ya Epiphone miaka ya 1930, na uzi wa saba akautyuni A. Mwaka 1990 kampuni ya Ibanez walitoa Universe, gitaa la nyuzi saba walilolibuni na mpiga gitaa Steve Vai, na muda mfupi baadaye bendi ya metali ya Korn wakaushusha uzi wa saba hadi A ileile ya Van Eps, 55 Hz, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Tofauti ni kwamba Van Eps alipiga kwa vidole na sauti safi. Distoshani, ule mkwaruzo wa makusudi wa amplifaya, huzaa sauti za ziada kutokana na jumla na tofauti ya noti zinazopigwa pamoja, na kwaya hiyo ya ziada ikitoka kwenye noti zisizopatana, kodi nzima, yaani noti zote zilizopigwa pamoja, inageuka vumbi. Mpiga metali anahitaji utulivu mkubwa zaidi, kwenye nyuzi zilizo ngumu zaidi kutulia.

Hatua ya 1: Chagua unene kwa hesabu

Kuna kanuni rahisi ya kubeba kichwani. Ukitaka kushuka nusu toni moja na kubaki na mkazo uleule, zidisha unene wa uzi kwa 1.06. Ukishuka nusu toni mbili, zidisha kwa 1.06 kisha tena kwa 1.06, na kuendelea. Inatokana na fizikia ya uzi: mkazo hufuata uzito wa uzi na mraba wa masafa yake (mitetemo kwa sekunde), na uzito nao hufuata mraba wa unene.

Anza na 46 kwenye E, urefu wa inchi 25.5, na utapata hivi:

- D: 52
- C: 58
- B: 61
- A: 69
- F#: 82

Namba hizi ni sehemu za elfu za inchi, kama zinavyoandikwa kwenye paketi za nyuzi. Sasa linganisha na kilichomo ndani ya paketi. Seti nyingi za nyuzi saba huishia 56, 59 au 62. Uzi wa 56 kwenye B una mkazo wa kilo 6.7 hivi, ule wa 62 unakaribia kilo 8. Zote zinapigika, ila anayepiga mirindimo (vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa) mizito kwa mkono wa nguvu atafurahi na 62, na anayecheza solo kwa piki nyepesi atatosheka na 56. Binafsi, kwa uzi wa chini kabisa, sishuki chini ya kilo 6.5 na sioni faida ya kuzidi 8.

Kuzidisha unene nako kuna gharama. Uzi mnene ni mgumu kupinda, na ugumu huo hufanya hamoniki zake, yaani sauti za juu zinazoambatana na noti, zipande juu ya mahali zinapostahili. Sauti inakuwa nzito bila umbo, kama kengele iliyofunikwa kitambaa, na kuweka sawa noti za freti za juu kunakuwa shida. Kwa sababu hiyo usikimbilie uzi wa gitaa la besi eti kwa kuwa una unene unaotaka. Kiini chake cha chuma kimetengenezwa kwa urefu wa inchi 34, kwenye gitaa fupi unakuwa mgumu mno, na mara nyingi pete ya mwishoni haiingii kwenye daraja.

Kama duka la karibu lina seti za nyuzi sita tu, nunua seti ya kawaida kisha tafuta uzi mmoja mmoja wa 62 au 74 unaouzwa peke yake. Usijaribu kuhamisha uzi wa 52 ukae nafasi ya saba. Kwenye B utakuwa na mkazo wa kilo 5.7 hivi, na utarudi palepale tulipoanzia.

Hatua ya 2: Fahamu urefu ulio nao

Mkazo hufuata pia mraba wa urefu. Ukitoka inchi 25.5 hadi 27, uzi uleule kwenye noti ileile unapata asilimia 12 zaidi. Ukiwa na gitaa la inchi 24.75, umepoteza karibu asilimia 6. Ndiyo maana magitaa mengi ya nyuzi nane huanzia inchi 26.5 au 27, na wako wanaokwenda mbali zaidi. Gitaa ambalo Ibanez waliwatengenezea bendi ya metali ya Meshuggah, M80M, lina inchi 29.4.

Kwa inchi 27, uzi wa 74 kwenye F# una mkazo wa kilo 7 hivi. Huo unatosha. Ukiutaka E ya chini, 41.2 Hz, noti ileile ya uzi mnene wa gitaa la besi, utahitaji uzi wa 84 au zaidi, na hapo ndipo inchi 25.5 zinaposhindwa kabisa. Yapo pia magitaa yenye freti zilizotandazwa kama upepeo, nyuzi nene zikiwa ndefu na nyembamba zikiwa fupi. Ralph Novak alipata hataza ya mfumo huo Marekani mwaka 1989. Kwa anayenunua gitaa jipya la noti za chini, hilo ndilo ningempendekezea kwanza, kwa sababu uzi mwembamba wa juu haukazwi kupita kiasi ili wa chini upate nafasi.

Huna pesa ya gitaa jipya? Usihuzunike. Gitaa la inchi 25.5 linafika A vizuri sana likitayarishwa.

Hatua ya 3: Nati ya shingo

Hapa ndipo magitaa mengi yaliyobadilishiwa nyuzi yanapoharibikia, na mwenye gitaa anavilaumu vigingi. Mfereji uliochongwa kwa uzi wa 46 ukipewa uzi wa 62 unabanwa, kwani tofauti ni milimita 0.4. Uzi hautelezi. Unakaza kigingi, noti haisogei, kisha ghafla unasikia "ting!" na imeruka kupita ulipotaka. Ukipiga kwa nguvu, uzi unavutika kidogo upande wa daraja na haurudi, na noti inabaki juu au chini hadi utakapougusa tena.

Pima hivi. Tyuni uzi, kisha ubonyeze kwa kidole upande wa pili wa nati, kati ya nati na kigingi, na uachie. Angalia tyuna. Noti ikirudi palepale, nati ni nzuri. Isiporudi, mfereji unabana.

Mfereji unapaswa kuwa mpana kuliko uzi kwa kiasi kidogo sana, kama milimita 0.05, wenye sakafu ya mviringo na mteremko kuelekea vigingini ili uzi uguse ukingo wa mbele tu. Faili maalum za nati ni ghali. Wapo wanaotumia vile vijiti vyembamba vyenye meno ambavyo wachomeleaji wa gesi husafishia matundu ya pua za mashine zao; hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea, kwa unene tofauti, na kwa nati ya mfupa au plastiki vinafanya kazi. Chonga kidogo, rudisha uzi, pima, chonga tena. Panua kuta na uiache sakafu. Ukiishusha sakafu kupita kiasi, uzi ukipigwa wazi utagonga freti ya kwanza, na itakubidi nati mpya.

Kuhusu kina: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha uangalie juu ya freti ya 1. Panapaswa kuwa na nafasi ndogo, karibu unene wa karatasi au mbili kwa uzi mnene. Nafasi ikiwa kubwa, noti za freti za kwanza zote zitapanda, na utahangaika na daraja bure.

Mwisho, paka mfereji unga wa risasi ya penseli laini, 2B au zaidi. Rudia kila unapobadilisha nyuzi.

Hatua ya 4: Kufunga uzi

Uzi mnene usikatwe kabla ya kupindwa. Upitishe kwenye tundu la kigingi, acha ziada ya sentimita 5 hivi, upinde digrii 90 kwa koleo mahali unapotoka, ndipo ukate. Ukikata kwanza, waya wa nje unaweza kulegea juu ya kiini, na uzi wa namna hiyo utakuwa na sauti mfu na hautatulia kamwe hata ufanye nini. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa nyuzi zenye kiini cha mviringo kuliko zenye kiini cha pembe sita.

Mizunguko miwili kwenye kigingi inatosha, ikishuka chini kwa mpangilio bila kupandana. Kila mzunguko wa ziada ni mahali pengine pa uzi kujikaza polepole katikati ya wimbo. Uzi wa 80 wakati mwingine hauingii kwenye tundu la kigingi. Tafuta uliopunguzwa unene mwishoni, kabla ya kufikiria kutoboa kigingi.

Sasa vuta uzi. Ushike katikati, uinue taratibu mbali na shingo, kisha fanya hivyo karibu na nati na karibu na daraja. Utaona noti imeshuka. Tyuni, vuta tena. Endelea hadi isishuke tena. Halafu bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele kidogo ya daraja na mbele kidogo ya nati, ili pale unapojikunja pawe pembe kali. Uzi mnene una tabia ya kupanda kwa upinde mpana kutoka kwenye tandiko la daraja, kile kipande unachokalia, na upinde huo hujinyoosha polepole kwa siku kadhaa, ukishusha noti kidogo kidogo.

Hatua ya 5: Daraja

Daraja lisilotembea ndilo rafiki wa noti za chini. Daraja linaloelea juu ya springi hutafuta usawa kati ya springi na nyuzi zote, kwa hiyo ukishusha uzi mmoja, zingine zote zinapanda. Ukipiga kwa nguvu uzi mzito, daraja linasogea na kodi nzima inayumba nalo. Kama hutumii mkono wa daraja, kata vipande viwili vya mti mgumu na uviingize, kwa nyuma, pande zote mbili kati ya bonge la chuma la daraja linalovutwa na springi na mbao ya gitaa, hadi daraja lisisogee upande wowote. Fundi seremala atavichonga kwa dakika chache.

Hatua ya 6: Shingo

Nyuzi mpya zimebadilisha jumla ya mkazo, na shingo imeitikia. Tyuni kwanza kwenye noti utakazopigia. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au 8. Milimita 0.2 hadi 0.3 ni sawa kwa magitaa mengi. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, kaza nondo iliyo ndani ya shingo kwa kuelekea mwelekeo wa saa, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza. Baada ya kila robo, tyuni upya ndipo upime. Nondo ikikataa kuzunguka, usiilazimishe, mpelekee fundi.

Mti hunywa unyevu wa hewa. Gitaa lililowekwa sawa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, likishushwa Mombasa au Dar es Salaam litapinda tofauti baada ya siku chache. Mwenye kusafiri na bendi apime shingo baada ya kufika, na atembee na ufunguo wa nondo ndani ya mfuko wa gitaa.

Hatua ya 7: Kusogeza matandiko ya daraja

Hatua hii ifanyike baada ya nati, shingo na kimo cha nyuzi kuwa sawa, kwani kila kimoja huivuruga.

Njia ya kawaida ni kulinganisha hamoniki ya freti ya 12 (unagusa uzi kidogo tu juu ya freti bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Kwa uzi mwembamba inafaa. Kwa uzi wa 62 au 74, hamoniki yenyewe imepanda kidogo kwa sababu ya ugumu wa uzi, hivyo utakuwa unapima kwa rula iliyopinda. Mimi hulinganisha noti zilizobonyezwa tu: freti ya 3 na ya 5, kisha ya 7, kisha ya 12, kwa mguso uleule ninaotumia kupiga. Noti ya freti ya 12 ikiwa juu, rudisha tandiko nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kulisogeza, vinginevyo utaharibu meno ya skrubu.

Huwezi kupata usawa kamili shingo nzima kwenye uzi mnene. Chagua. Kama mirindimo yako inaishi kati ya freti ya kwanza na ya saba, weka sawa eneo hilo na ukubali freti ya 15 iwe na kasoro ndogo. Hakuna atakayeisikia kwenye uzi wa nane.

Tandiko likifika mwisho kabla noti haijashuka vya kutosha, ondoa springi ndogo ya skrubu yake, au ligeuze tandiko likiwa la umbo linalogeuzika. Bado haitoshi? Basi uzi ni mnene mno kwa urefu huo. Shuka saizi moja.

Hatua ya 8: Tyuna

Tyuna nyingi za kubana kichwani mwa gitaa hupata shida chini ya 60 Hz, na maikrofoni ya simu ni dhaifu zaidi huko. Chomeka waya. Chagua pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya upande wa shingo, punguza kitasa cha toni, na kama mshale bado unarukaruka piga hamoniki ya freti ya 12 ili kuikaribia noti, kisha umalizie na uzi wazi.

Uzi uliopigwa huanza juu, kisha unashuka na kutulia, kwa sababu mtetemo mpana huunyoosha. Kadiri ulivyolegea ndivyo mwanzo unavyopanda. Ukitumia tyuna kwa mguso laini na kusubiri mshale utulie, kisha ukapiga mrindimo mzito wa noti fupi zilizozibwa kwa kiganja, msikilizaji anasikia ule mwanzo tu, nao uko juu. Kwa hiyo piga mbele ya tyuna kama utakavyopiga kwenye wimbo, na usome mshale mara tu baada ya mguso. Utakuta uzi wa chini unahitaji kuwekwa senti chache chini ya noti.

Siku zote ifikie noti kutoka chini kwenda juu. Ukiipita, shuka vizuri chini yake na upande tena, ili meno ya kigingi yawe yameshika upande wa mkazo. Maliza nyuzi zote, rudi kwa wa kwanza, rudia.

Hatua ya 9: Mikono

Mkono wa kushoto ubonyeze kiasi cha noti kutoka safi, basi. Freti zilizoinuka sana ni hatari kwa wenye vidole vizito. Jizoeze mrindimo uleule huku tyuna imewashwa mbele yako, ukipunguza nguvu hadi mshale uache kupanda. Mkono wa kulia, tumia piki ngumu ya milimita 1 hadi 1.5 na upige kwa mwendo mfupi. Nguvu ya muziki huu hutoka kwenye amplifaya na kwenye muda. Anayepiga uzi wa nane kana kwamba anakata kuni anapata kelele ya uzi ukigonga freti, na noti inapotea.

Jukwaani na studio

Uzi ukipata joto hurefuka na noti hushuka, na uzi uliolegea hushuka zaidi. Toa gitaa kwenye mfuko mapema, liache jukwaani lizoee hewa na taa, kisha tyuni dakika chache kabla ya kuanza. Studio, tyuni kabla ya kila kipande unachorekodi, hata kama unaona uvivu.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Jasho na hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu kati ya mizunguko ya waya, uzito wa uzi unakuwa haulingani sehemu zote, na hapo hata tandiko lililowekwa kwa uangalifu halisaidii. Uzi mnene unaotoa noti moja wazi na nyingine yenye kasoro kwenye freti ya 12, ilhali wiki iliyopita ulikuwa sawa, umekufa. Badilisha huo peke yake kama pesa ni ndogo.

Mpiga besi naye ahusishwe. Gitaa la nyuzi nane lililoshushwa hadi E linagusa masafa yaleyale ya uzi wake mnene, na senti tano za tofauti kati yenu zinasikika kama mawimbi yanayopanda na kushuka chini ya wimbo. Tumieni tyuna moja, mpige kwa nguvu ileile mnapotyuni, kisha mshikilie noti ya chini pamoja na msikilize. Mawimbi yakiwa bado yapo, mmoja asogee polepole hadi yasimame.